Rangi Mpya kwa Misa ya Zamu

Cloonbrack, Leitrim
9 Novemba 2015

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na masista wenzako, na kwamba ile boila yenu ya kupasha nyumba joto imeshatengenezwa. Sisi hatujambo. Mvua haijakatika tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote. Shamba la chini limekuwa ziwa, na bata wa watu wanaogelea humo bila hata kubisha hodi.

Mwaka huu Misa ya Zamu, ile inayosaliwa nyumbani kwa watu kwa kupokezana, imeangukia kwa Attracta Gilrane, na jana tulikuwa huko. Unamkumbuka Attracta. Tulikuwa darasa moja, na hata wakati ule kalamu zake zilikuwa mpya kuliko za watu. Ameweka jiko jipya zima kwa ajili ya Misa ya nusu saa. Padre Tighe aliweka kikombe cha Misa juu ya meza ya marumaru, na wakati wote wa mahubiri akawa anaipapasa ile meza kwa kidole. Baada ya chai akatangaza zamu ya mwakani: Oktoba ijayo, nyumbani kwa Malachy na Breda Tivnan. Mara ya mwisho ilipotufikia sisi, binti yetu Gráinne alikuwa bado anatambaa, na sasa yuko Australia na ana watoto wake. Watu wakapiga makofi. Attracta akanigeukia akasema, "Haya bibie, una mwaka mzima wa kupaka rangi." Nikacheka pamoja na wengine.

Malachy bado mgongo unamsumbua tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Anakaa dirishani anawatazama bata. Ukimwuliza anawaza nini anasema anawaza bata.

Niombee kwa nia maalumu, usiniulize ipi.

Mdogo wako,
Breda


Monasteri, Galway
23 Novemba 2015

Mdogo wangu Breda,

Boila haijatengenezwa. Tunasali haraka haraka.

Mwaka huu umeniomba nia maalumu karibu kila barua, kwa hiyo acha nikwambie siri ya kazi yetu. Watu huleta nia maalumu hapa getini kila siku. Baada ya miaka yote hii nimegundua kwamba ziko tatu tu: ugonjwa, pombe na benki. Ugonjwa siku hizi watu wanautaja wenyewe, tena kwa kirefu. Malachy hajaonja pombe tangu kipaimara. Nikitoa hizo mbili nabaki na moja.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mungu anajua tayari, ni mimi tu nisiyejua, na mimi ndiye niliyefungiwa ndani bila la kufanya isipokuwa kusoma. Niandikie.

Dada yako,
Konsilio


Cloonbrack
6 Desemba 2015

Dada mpendwa,

Ni benki.

Unajua kwamba nyumba hii Malachy aliijenga kwa mikono yake kwenye kiwanja alichopewa na baba yake. Usichojua ni kwamba miaka ile kila mtu alipokuwa anajenga, tuliiweka nyumba rehani mara ya pili ili anunue lori na kuajiri vijana. Kisha ujenzi ukasimama nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Akabaki anapiga lipu vibanda vya ng'ombe, halafu akaanguka, na marejesho yakabaki nyuma. Mwanzoni tulikuwa tunawapigia benki simu. Baadaye tukaacha kupokea walipopiga wao.

Mwezi wa kumi tuliitwa mahakamani mjini. Malachy hakwenda, nikaenda mimi. Ukumbi wa nje ulijaa watu, na kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanamke mmoja mwenye koti la njano akaja kukaa karibu nami. Aliniuliza kwanza kama nimekula. Anaitwa Orlaith, kazi yake ni kuwasaidia watu kama sisi, na serikali ndiyo inayomlipa, hataki hata senti kutoka kwetu. Alinieleza kwamba kuna mpango. Shirika la nyumba linainunua nyumba kutoka benki kwa msaada wa serikali, deni linaisha, na nyinyi mnabaki humo humo kama wapangaji, kodi kulingana na kipato chenu. Hakimu ameahirisha hadi Machi ili tuamue.

Nilirudi nyumbani nikidhani naleta habari njema. Malachy alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Babu wa babu yangu alitolewa nyumbani kwake na wakala wa kabaila, mvua ikimnyeshea. Mawe ya nyumba yake bado yako nyuma ya shamba. Na mimi unataka niwe mpangaji kwenye kuta nilizozipiga lipu mwenyewe? Afadhali watutoe." Tangu siku hiyo hataki kulizungumza tena. Na sahihi zinatakiwa mbili.

Naogopa, Dada. Nimezoea kusema nina wasiwasi, lakini si wasiwasi, ni hofu. Nikiosha vikombe nawaza mwakani nitaviosha kwenye sinki la nani.

Usimwambie yeyote.

Breda


Monasteri, Galway
14 Desemba 2015

Shemeji Malachy,

Breda hajui kwamba nakuandikia. Ukimwambia nitakana, na Jumamosi nitaungama.

Sitakuhubiria. Nakumbuka ulipokuja kupiga lipu ukumbi wetu wa chakula, Mama Mkuu wa wakati ule alikuhubiria siku nzima, nawe ukawa unaongeza mchanga kwenye mashine ya kuchanganyia saruji ili ipige kelele zaidi. Nitaandika mambo ninayoyajua tu.

Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekaa katika nyumba isiyo yangu. Kijiko ninacholia si changu. Viatu vikiisha soli naomba. Wageni hutuambia kwamba kutokuwa na kitu ni uhuru mkubwa, kisha hupanda magari yao wakaenda zao. Ukweli ni kwamba si uhuru kila siku. Kuna siku natamani mlango wangu mwenyewe, niubamize. Kwa hiyo sikwambii kwamba kuwa mpangaji si kitu. Ni kitu, kinauma, na una haki ya kuumia.

Lakini habari ya babu wa babu yako nadhani umeishika upande wa makali. Yule mzee hakulia kwa sababu alikuwa mpangaji. Alizaliwa mpangaji, na baba yake vilevile. Alilia kwa sababu alitolewa. Angekuja mtu kumwambia abaki mpaka afe, alipe kulingana na kilichomo mfukoni, na wakala asiuguse mlango wake, unadhani angejibu nini? Hicho ndicho wewe unachokikataa. Fikiria hilo Krismasi, ukiwa na hao bata wako.

Shemeji yako,
Konsilio


Cloonbrack
4 Januari 2016

Shemeji Sista,

Sikuongeza mchanga. Mashine ilikuwa mbovu.

Siku ya kwanza barua yako ilinikasirisha. Siku ya pili nilikwenda kuyaona yale mawe. Kizingiti bado kipo, majani yameota pande zote. Nilikaa juu yake mpaka mgongo ukakataa.

Nimetia sahihi. Breda anadhani ni Mtakatifu Yuda Tadei, maana alikuwa katikati ya siku tisa za novena yake. Mwache hivyo hivyo.

Sijakubali. Nimetia sahihi tu.

M. Tivnan


Cloonbrack
20 Februari 2016

Dada mpendwa,

Usiniambie tena kwamba novena zangu ni ndefu mno. Malachy ametia sahihi. Alichukua kalamu mezani, akaandika jina lake, akaenda kulisha mbwa. Mtakatifu Yuda namlipia mishumaa mpaka Pasaka.

Orlaith amepeleka maombi yetu. Anasema mahakama itangoja maadamu mambo yanakwenda. Kilichobaki ni mthamini kuja kuiona nyumba wakati wa kiangazi, kwa sababu serikali imeweka kikomo cha bei kwa kila kaunti, na nyumba ikizidi hapo shirika haliwezi kuinunua. Anasema nyumba za huku kwetu hazikikaribii hicho kikomo, nisiwe na shaka. Basi sina.

Hapa kijijini hakuna anayejua. Attracta ameniuliza mara mbili nitachagua rangi gani.

Breda


Cloonbrack
18 Julai 2016

Dada mpendwa,

Ungeiona nyumba usingeijua.

Unajua desturi yetu, zamu ikifika kwako majirani wanakuja na ngazi zao. Walikuja wote. Packie McGarry alitengeneza fremu za madirisha yale mawili ambayo hayakuwa yakifungika. Wengine walipaka nje rangi nyeupe na milango wakaipaka kijani. Malachy hawezi kupanda ngazi, lakini alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akawa anatoa amri, na nilimsikia akicheka. Sebule aliipiga lipu upya mwenyewe, kipande kwa kipande, akipumzika. Ule ukuta wa nyuma wenye unyevu tuliubandika karatasi mpya ya maua, na mbele yake tukaweka kabati kubwa la vyombo la Attracta na sahani zake za buluu. Ameniletea na mapazia. "Ya kuazima tu mpaka Misa ipite," alisema. "Usije ukayazoea."

Basi Jumanne iliyopita akaja mthamini, bwana wa makamo mwenye tai. Nashukuru Mungu alitukuta tuko tayari, maana mgeni akikuta nyumba chafu atasema nini? Niliwasha moto kila chumba tangu asubuhi, Julai hiyo hiyo, ili hewa iwe kavu. Nilioka skonzi na mkate wa magadi. Nikamtembeza mwenyewe, kila kizuri nikamwonyesha, sikuacha hata kimoja. Alikula skonzi tatu. Akasema, "Mama, nyumba nyingi ninazoingia kwa kazi hii zinanitia huzuni. Hii ni ya kujivunia." Malachy akawa mwekundu mpaka masikioni.

Alipoondoka nilisimama getini nikamtazama mpaka gari likapotea. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilijisikia mtu kama watu wengine.

Breda


Monasteri, Galway
22 Julai 2016

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma jikoni, na Sista Imelda akaisoma pia kwa sababu alikuwa ananichungulia begani. Sista Imelda kabla ya kuingia utawa alikuwa karani kwa wauzaji wa nyumba. Ameuliza swali moja, nami nimeshindwa kumjibu, nalileta kwako kama lilivyo.

Mlitaka bei iwe juu, au iwe chini?

Konsilio


Cloonbrack
19 Agosti 2016

Dada mpendwa,

Swali la Sista Imelda sikulijibu kwa sababu sikulielewa. Jana nimelielewa.

Tumekataliwa. Bei aliyoiandika yule bwana imezidi kikomo. Imezidi kidogo tu, lakini imezidi. Ameandika kwamba nyumba iko katika hali nzuri sana, kavu, imetunzwa kwa upendo. Namwona bado akipaka siagi kwenye skonzi zangu.

Nililia, Dada. Nililia jikoni mbele ya yale mapazia ya watu. Naona aibu, tena aibu ya kijinga, maana tungekuwa wavivu tungekuwa tumeshaokoka. Malachy hakupiga kelele. Alisimama akasema, "Kumbe kazi yangu ilikuwa nzuri," akatoka nje.

Nilimpigia Orlaith. Akauliza kwa nini tulipaka rangi kabla ya mthamini kuja. Nikamwambia, mgeni alikuwa anakuja. Akasema mama yake mwenyewe angefanya vilevile. Tunaruhusiwa kuomba mthamini mwingine, mara moja tu. Akatuonya tusiharibu wala tusivunje kitu, huo utakuwa udanganyifu. Anachotaka ni nyumba ionekane inavyoishi siku zote. Ikishindikana tena tunarudi mahakamani Novemba, na safari hiyo hakimu hataahirisha.

Mtu ameomba maisha yake yote nyumba yake isionekane ilivyo. Nitaanzaje?

Breda


Monasteri, Galway
27 Agosti 2016

Mdogo wangu,

Usijichape. Tulilelewa na mama aliyefagia njia kabla daktari hajaja kumwona anakufa.

Sisi tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna aliyetufundisha la kufanya siku ufa unapohitajika. Lakini fanya hivi. Rudisha kabati la Attracta na mapazia yake. Usiwashe moto. Usioke kitu, na hili najua litakuwa gumu kuliko yote. Na wewe usimtembeze huyo mthamini. Hata ukishikiwa bunduki huwezi kumwonyesha mgeni ukungu, utamwonyesha bustani. Atakayeweza ni mtu anayejua kila jiwe lilivyokaa.

Najua ninachomwomba Malachy. Mwambie kwamba najua.

Konsilio


Cloonbrack
30 Septemba 2016

Dada mpendwa,

Attracta alikuja na mwanawe kuchukua kabati. Akauliza kama halikunifaa. Nikamwambia limezidi chumba. Walipoliinua, nyuma yake karatasi ya maua ilikuwa imeshabanduka, na ukungu mweusi umepanda hadi usawa wa dirisha. Attracta akautazama ukuta, akanitazama mimi, na hakusema chochote. Kwa Attracta hilo si jambo la kawaida.

Mvua ilinyesha wiki nzima kabla. Mthamini wa pili ni binti mdogo, alikuja na buti za mpira na kifaa cha kupima unyevu. Malachy alikuwa amenyoa ndevu. Mimi niliamriwa kukaa jikoni nisitoke. Sikuoka. Niliweka biskuti kwenye sahani, nikazirudisha koponi, nikaziweka tena, nikazirudisha. Chai nilimpa. Chai si dhambi.

Mlango wa jikoni haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia yote. Malachy alimwonyesha sakafu ya chumba cha nyuma inavyolala upande mmoja. Alimwonyesha dari inapovuja. Alizungumza kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia zamani kukagua kazi ya mafundi wengine, kavu, bila hasira. Walipofika kwenye ule ukuta akaivuta karatasi yote ikashuka, akamweleza kwamba ardhi ya pale ni ya maji na msingi haukwenda chini vya kutosha.

Binti akagonga ukuta kwa kidole. Akasema, bila ubaya wowote, "Aliyejenga upande huu alikuwa na haraka."

Nilishika kitambaa cha vyombo nikakibana mdomoni.

"Alikuwa na mke mjamzito," Malachy akasema, "na baridi ilikuwa inaingia."

Binti akauliza, "Ni wewe?" Akasema ni yeye. Nikasikia kalamu inaandika, kisha wakahamia chumba kingine.

Alipoondoka, Malachy alikuja kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. Akasema, "Haya, nimeitukana vya kutosha." Baadaye nilipita nikamwona amesimama chumba cha nyuma, ameweka kiganja kwenye ule ukuta. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi.

Tunangoja.

Breda


Cloonbrack
12 Oktoba 2016

Shemeji Sista,

Imepita. Bei imekuwa chini ya kikomo. Benki imekubali kuuza, na deni linalobaki wamelifuta. Ijumaa tumetia sahihi. Orlaith alikuja na keki. Breda alikula vipande viwili, kisha akalala kwenye kiti na koti lake.

Nina jambo. Misa ya Zamu ni tarehe ishirini na mbili. Desturi ni mwenye nyumba kusimama mlangoni na kumwambia kila mtu karibu nyumbani kwangu. Baba yangu alisimama hivyo, na mimi mara ya mwisho. Sasa si kwangu. Breda anasema niseme tu, nani atajua, na kweli hakuna atakayejua. Lakini Padre atakuwa ndani na Sakramenti na mimi mlangoni nadanganya.

Nimelala nalo siku tatu sijapata jibu. Nisemeje?

M. Tivnan


Monasteri, Galway
16 Oktoba 2016

Shemeji,

Sijui. Hapa mlango hufungua sista mwenye zamu, na mimi nikipangiwa nasema tu "Bwana awe nawe" na kupokea mayai.

Nimemuuliza Sista Imelda, naye hajui. Ninachojua ni kwamba kuta zako umeshazitaja mbele ya mtu usiyemjua kabisa. Lakini huyo alipanda gari akaenda. Hawa utakutana nao dukani kila wiki mpaka mmoja wenu azikwe, kwa hiyo sitakuambia kwamba ni jambo lilelile. Uamuzi ni wako, na hautakuwa rahisi upande wowote.

Boila imetengenezwa.

Konsilio


Cloonbrack
24 Oktoba 2016

Dada mpendwa,

Misa imepita na bado sijui kama namshukuru Malachy au namnyonga. Sikiliza.

Tangu asubuhi hakuniambia chochote. Watu walipoanza kufika akawaomba wangoje uani, mvua yenyewe ya rasharasha, mpaka wote wakafika. Padre Tighe akadhani ni mshangao wa sherehe fulani, akawa anatabasamu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe. Malachy akasimama kizingitini akasema:

"Kabla hamjaingia. Nyumba hii si yangu tena. Tulishindwa kulipa benki. Serikali imetusaidia, shirika la nyumba limeinunua, sisi ni wapangaji na tutakaa humu mpaka tufe. Kama kuna mtu anaona Misa haifai kusaliwa kwa mpangaji, gari lake liko pale. Wengine karibuni, mnalowa."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na vikombe. Mwaka mzima nimeificha, nimemdanganya kila mtu kanisani, na yeye anaimwaga uani kwa sauti ya kuuza ng'ombe. Hakuna aliyesogea. Nilimtazama mgongo, Dada, ule mgongo wake uliopinda. Nikaweka sinia chini nikaenda kusimama naye.

Packie McGarry ndiye aliyetangulia. Akafuta viatu, akampa Malachy mkono, akasema, "Mimi nimefuata sandwichi," akaingia. Wengine wakamfuata. Padre aliweka altare mbele ya ule ukuta wa nyuma, haujafunikwa kitu, mweusi mpaka dirishani. Shirika litaleta mafundi mwezi wa tatu kuutengeneza kwa gharama yao. Malachy tayari ana hakika kwamba watakosea. Hakuna aliyeutaja, ila mahubiri yalikuwa mafupi.

Sasa sikia kilichotokea baada ya chai. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Akaja mke wa Packie, akafunga mlango, akauliza huyo mwanamke wa serikali anaitwa nani, kwa sababu ana binamu yake Sligo ambaye mambo yamemharibikia. Nikamwandikia namba. Hajamaliza kutoka akaingia mzee Farrelly, naye ana binamu. Akaingia yule msichana mwalimu aliyejenga karibu na shule. Naye binamu. Nilikuwa nawaandikia mikono ikitiririka sabuni, nikijiuliza mabinamu wote hawa tulikuwa tunawaweka wapi.

Attracta alikuja wa mwisho, wengine wameshaondoka. Akasimama kwenye sinki, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe nilivyokwisha kuvifuta. Nilimngojea aseme la binamu. Hakulisema. Nikakumbuka lile jiko lake na meza yake ya marumaru, na jinsi alivyoutazama ukuta wangu Septemba.

"Breda," akasema, "huyo Orlaith anakuja mpaka nyumbani, au lazima mtu aonekane anaingia ofisini kwake?"

Nikamwambia anakuja nyumbani.

"Basi mwambie asije na gari lenye maandishi."

Nilimvutia kiti akakaa. Nikajaza birika tena, na kabla halijachemka akaanza kunieleza.

Mdogo wako,
Breda